Kaa wa Magoti Mekundu wa Mto Talya

Siku ile muliponiaga kazini, mulinipa kuku mzuri na hotuba nyingi kabla ya huyo kuku. Mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli nilifanya kazi na kaa maisha yangu yote. Bureau nzima ikacheka. Nilijibu ndiyo, nikakaa chini, kwa sababu fanta yangu ilikuwa inapata moto. Sasa niko nyumbani Mulekera, mahindi nimekwisha kupalilia na hakuna anayeningoja mahali. Donc basi nitajibu vizuri.

Ninyi wadogo zangu munaujua ugonjwa wa upofu wa mto kwa vidonge. Munapima urefu wa mtu, munampa vidonge vyake, munapita nyumba inayofuata. Sisi tuliingilia mlango mwingine. Nzi mdogo mweusi anayeleta ugonjwa huo, yule tunayemwita usubi, anapenda maji yanayokimbia, na upande wetu wa Ruwenzori watoto wake, vifunza vidogo sana, wanapanda juu ya kaa wa mtoni na kukaa hapo mpaka wakomae. Hawamli, hawamuumi. Kaa anawabeba tu, kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, inavyobeba makala ya kupikia bila kuuliza ni ya nani. Ukitaka kujua usubi utatokea wapi, unamuuliza kaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kumkamata, kumwangalia na kumrudisha majini.

Nilifika Beni kutoka Butembo na diploma ya laboratoire na blouse nyeupe ya kazi ambayo mama yangu aliipiga pasi mara mbili. Docteur, mkubwa wetu, mtu mrefu wa Kasai aliyecheka kwa sauti hata msibani, alinipeleka Mutwanga kwa pick-up na kunikabidhi kwa Papa Paluku. Huyu Papa Paluku ndiye alikuwa fundi wetu wa mitego. Alizaliwa pale pale, mshiriki wa kanisa la Kiprotestanti, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo kama ya wale aliowakamata. Aliitazama blouse yangu kwa heshima kubwa.

"Ni muzuri," akasema. "Tutaitundika ku muti, isiogope."

Akanipa bottes za mpira za mtu aliyehamishwa, kubwa mno, tukazijaza majani ya ndizi ndani ili miguu isipotee. Mtego wetu ulikuwa kikapu cha mianzi chenye mdomo mwembamba, na chambo kilikuwa ngazi, yale matunda ya mchikichi, zilizochomwa motoni, maana kaa wa Mutwanga anapenda mafuta ya mawese kama mtu yeyote wa Mutwanga. Papa Paluku alitoa kaa wa kwanza, akanionyesha namna ya kumshika nyuma, mahali mikono yake haifiki. Mimi nikachukua loupe, kioo cha kukuzia, na pince ya kushikia, na kuanza kutafuta vifunza. Nilitafuta mpaka jasho likaingia ndani ya loupe. Sikuona kitu.

"Hapana tafuta nzi," Papa Paluku akasema. "Angalia kaa kwanza. Ukishamujua yeye muzima, kile kisichokuwa chake utakiona."

Basi nikamwangalia kaa. Macho yake juu ya vijiti, shina la kila mguu, mdomo unaofunguka kama kabati, kile kifuniko cha tumboni ambacho kwa dume ni chembamba na kwa jike ni kipana. Na kweli, penye shina la mguu mmoja palikuwa na kitu kama punje ya unga iliyosahauliwa. Kilitikisika. Papa Paluku akacheka, akanipa mkono kama tumekuwa ukoo mmoja. Ushauri ule nimeutumia kwa kaa, kwa wagonjwa, na kwa wakubwa wa bureau waliokuja baadaye.

Yule wa magoti mekundu nilimkuta mwaka wangu wa pili, juu kidogo, pale Talya inaposhuka mlima kwa haraka na maji yana baridi ya kuuma mifupa. Alikuwa mdogo kuliko kaa wa kawaida, mweusi kabisa, ila kila kiungo cha miguu kilikuwa chekundu kama mawese. Papa Paluku alimjua tangu utoto lakini hakufikiri kama kuna mtu angemtaka. Mimi Mkatoliki nikasema ni Monseigneur, yaani askofu, kwa sababu ya ule wekundu. Yeye akakataa: ni Pasteur, kwa sababu ya koti jeusi. Tulibishana hivyo miaka mingi, na hakuna aliyebadili dini.

Ajabu yake ilikuwa hii: tulimwangalia huyu kaa musimu baada ya musimu, na hakuna hata mmoja tuliyemkuta na kifunza. Mto uleule na ngazi zilezile, lakini usubi haukumpanda. Docteur alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Alitafuta ndani ya mto Lume, ndani ya mto Butahu, akatutuma mpaka karibu na Semuliki yenyewe. Hatukumkuta popote isipokuwa Talya na vijito vyake. Docteur akaweka wawili ndani ya alcool, akawatuma kwa wataalamu wa mbali, nao wakamwambia hawamjui vizuri, awaletee wengine.

Kabla hajawaleta, vita vilifika. Vile vya kwanza vilipita Beni kama mvua ya mawe: kelele, paa zimetoboka, kisha watu wakatoka nje kuokota. Vya pili vilikaa. Bureau yetu ikawa nyumba ya basoda, wanajeshi, na microscope ikawa, sijui ikawa nini. Docteur alipaswa kuondoka na familia yake kupitia mpaka wa Kasindi. Tuliagana barabarani, motere ya gari ikiwa inanguruma.

"Masika," akaniambia, "vidonge vikiisha, utatafuta vingine. Kaa wale wakiisha, sijue utawatafuta wapi."

Alicheka, lakini mara ile bila sauti.

Mimi nilibaki. Nilijiunga na centre de santé ya Mutwanga, nikahudumia watu wa homa na wa majeraha, na nilipopata nafasi nilienda mtoni na Papa Paluku. Hakuna aliyetutuma. Yeye alisema mitego ikikauka inapasuka, donc afadhali tuitumie.

Sasa, mu dépôt yetu ya Mutwanga, stoo ya vifaa, kulikuwa na pipa la dawa ya zamani, ile ya kumwaga mtoni kuua vifunza vya usubi. Ilikuwa dawa kali. Docteur alikuwa amekataza mtu kuligusa. Kikosi kimoja kilichokuwa kimepiga kambi karibu kilivunja mlango asubuhi moja kutafuta chakula, kikakuta pipa, na mtu akawaambia kwamba dawa ile inaua vitu vya majini. Basoda wenye njaa wakasikia neno moja tu: samaki.

Papa Paluku na mimi tulikwenda kumwona commandant wao asubuhi ile ile. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha kanisa, anakula ndizi ya kuchoma.

"Chef," Papa Paluku akamwambia, "ile dawa hapana ya samaki. Itaua mayi yote, na kaa bote. Batu banakunywa humo."

"Muzee, basoda bangu balale na njaa juu ya kaa?"

"Chef, hata nyinyi munakunywa humo," nikasema mimi.

Alinitazama, akameza ndizi yake. "Sisi tunakunywa mayi ya bomba."

Bomba lile, wadogo zangu, lilitoka Talya. Nilimwambia hivyo. Akasema mazungumzo yamekwisha, na kijana mwenye bunduki akatuonyesha njia.

Hatukuweza kuzuia pipa lisibebwe mpaka juu kwenye mto na kumwagwa. Tulichoweza ni kukimbia. Papa Paluku alichukua ukingo mmoja na mimi wa pili, tukishuka na mto huku tunapiga kelele: "Musichote! Musiokote samaki!" Kule kanisani Mama Kahindo, kiongozi wa wamama wa Kiprotestanti, mwanamke mwenye mikono kama ya seremala, alitusikia. Hakuuliza swali. Alichukua chuma akaanza kupiga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele, na hakuacha mpaka jua lilipokuwa kichwani. Wamama waliokuwa njiani na bidon zao za maji walirudi nyumbani. Mungu alitusaidia, hakuna mtu aliyekufa. Walitapika wengi, na kati yao basoda walikuwa wa kwanza. Commandant mwenyewe alikuja centre akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, nami nikamtibu. Nilimwandalia sérum ya mshipani bila kusema neno, na nadhani neno lile ambalo sikusema lilimwuma kuliko sindano.

Siku iliyofuata tulipita ukingoni. Samaki walikuwa wamegeuka tumbo juu, na kaa walikuwa wametoka majini kujaribu kujiokoa, wakafa juu ya mawe, mamia kwa mamia, mikono yao imefunguka. Papa Paluku alichuchumaa. Alianza kuwatenga, wa kawaida huku, wa magoti mekundu kule, kama bado tuko kazini. Alichukua mmoja wa wale wekundu, akamsafisha matope kwa kidole.

"Huyu hakubeba nzi hata mumoja," akasema. "Sasa amekufa juu ya kosa gani?"

Tulichimba shimo tukawafukia, ili mbwa na batoto wasiwale.

Infirmier, muuguzi mmoja wa Beni, aliposikia habari alifurahi: kaa wamekufa, usubi nao utakufa, kazi imeisha. Hakuwa mtu mbaya, na kwa musimu mmoja alikuwa na haki, nzi walipungua. Mais lakini mto hauna mlango. Maji yalijisafisha, na kaa wa kawaida wakapanda tena kutoka Semuliki kidogo kidogo, na vifunza vyao mgongoni. Mitego yetu ikajaa upya. Wa magoti mekundu hawakurudi. Wangerudi kutoka wapi? Semuliki hawakuwako. Nyumba yao ilikuwa Talya tu.

Tukaanza kutafuta vijito vya pembeni ambavyo dawa haikufika. Vya juu sana hatukuweza, kwa sababu mlimani kulikuwa na watu wenye silaha ambao hata basoda waliwaogopa. Vya karibu tulivipita vyote. Ni katika kutembea huko nilitambua kwamba Papa Paluku hatazami tena mtego, anaupapasa. Akikanyaga jiwe, analitafuta kwanza kwa kidole cha mguu.

"Papa, macho?"

"Ukungu kidogo," akasema. "Ya mulima."

Haikuwa ya mlima. Maisha yake yote alisimama ndani ya maji yale akiumwa na usubi, tangu kabla vidonge havijajulikana. Nilimpa vidonge nilivyokuwa navyo, lakini munajua wenyewe: vidonge vinazuia, havirudishi. Tangu siku hiyo alitembea nyuma yangu, mkono wake juu ya bega langu. Alinielekeza njia kwa mdomo, mimi nikamwangalizia mawe.

Aliyetupatia jibu ni Mama Kahindo. Alikuwa amekuja centre na kidole kimevimba.

"Nimeumwa na vile vikaa vyenu," akasema. "Pale nyuma ya kanisa, tunapolowesha mihogo."

"Vya namna gani?"

"Vyeusi. Na magoti ya moto."

Papa Paluku aliyekuwa kwenye benchi alisimama akapiga kichwa kwenye dirisha.

Kijito kile nyuma ya kanisa tulikuwa tumekipita zaidi ya mara moja bila kuinama, kwa sababu kilinuka mihogo. Zamani kilimwagika ndani ya Talya. Baadaye watu walikichimbia mfereji wa kunyweshea mboga, na tangu hapo kinaishia mashambani, hakifiki tena mtoni. Ndiyo maana dawa haikuwapata, na ndiyo maana wenyewe wasingeweza kushuka. Juu kidogo ya mihogo, chini ya mizizi, walikuwa wamejaa. Mimi nililia. Papa Paluku aliwapapasa mmoja mmoja, akiwasalimia kwa Kinande kama watu waliotoka safari: "Wavukire, wavukire."

Mais Mama Kahindo alituletea na habari ya pili. Commandant alikuwa amemwambia mchungaji kwamba kikosi kitahamia uwanja wa kanisa juma lile lile. Basoda wale tuliwajua. Kilichokuwa na miguu hakikupona.

Tukafanya haraka. Nawaambia jambo la kazi: kaa hasafiri vizuri ndani ya basini ya maji. Maji yanapata moto, hewa inaisha, na wao kwa wao wanakatana miguu. Anasafiri vizuri ndani ya majani mabichi. Mama Kahindo na wamama wake walimfunga kila kaa peke yake ndani ya jani lililoloweshwa, wakafunga kwa kamba ya mgomba. Tulichagua hasa majike wenye watoto, maana jike wa kaa wa mtoni anabeba watoto wake chini ya kile kifuniko cha tumbo mpaka wajue kutembea. Walipomaliza, basini yangu ilikuwa kama ya mwanamke anayekwenda soko kuuza chikwangue, ule mkate wa mihogo unaofungwa majani. Hilo hatukulifikiria.

Tukaenda, basini kichwani kwangu, mkono wa Papa Paluku begani. Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha basoda njiani, sergent mmoja mwenye ndevu nyeupe alinyanyuka.

"Mama, telema! Simama! Eh, chikwangue! Lete moja."

"Chef, hapana chikwangue."

"Niko naona kwa macho yangu."

"Ni kaa, chef."

"Kaa? Kama ni kaa, lete mbili."

Wenzake wawili walikwisha kuinuka, mmoja ana sufuria mkononi. Sergent alichukua fungu moja juu ya basini, akaketi, akafungua kamba polepole kama mtu anayefungua zawadi. Jani lilipofunguka yule jike akajikunja, kisha kifuniko chake kikalegea na watoto wake wakaonekana, wadogo kama mbegu za ufuta, wanatambaa juu ya tumbo la mama yao, wengine wakipanda kidole cha sergent.

"Eh!" akasema. "Huyu iko na batoto."

"Bote beko na batoto," Papa Paluku akasema. "Njo maana tunabapeleka."

"Munabapeleka wapi?"

"Ku Talya. Dawa iliua bandugu yao bote. Hapa mu basini, njo bamebaki."

Yule mwenye sufuria akacheka, akasema basi waingie ndani ya maji, maji yako tayari motoni. Sergent hakucheka. Alikuwa anawaondoa watoto kidoleni kwake, mmoja mmoja, kwa ncha ya jani, akiwarudisha kwa mama yao.

"Mimi bangu beko Kisangani," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Tangu vita ianze sijue kama beko."

Papa Paluku alinyoosha mkono mahali sauti ilipotoka, akapata bega la yule mtu, akauacha mkono wake hapo.

Sergent akafunga jani. Alifunga vibaya, kama wanaume wanavyofunga, akafungua akafunga tena. Kisha akasema kuna barrière nyingine mbele, na pale beko na njaa kuliko hapa. Akaninyang'anya basini, akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe, bunduki begani, akatangulia. Kwenye barrière ya pili basoda waliona sergent wao anapita na mzigo kichwani kama mama wa soko, nyuma yake mwanamke na mzee asiyeona vizuri. Hawakujua wafanye nini, wakapiga salut.

Tuliwafungua pale juu penye baridi, chini ya mawe ya kivuli. Sergent aliwashusha majini kwa mikono yake, na kila mmoja alipozama alisema kwa Lingala kwamba hakuna shida: "Likambo te, mama. Likambo te." Alikunywa maji, akatuaga, akarudi kazini kwake. Kikosi chao kilihamishwa muda mfupi baadaye. Nimewauliza watu wengi wa Kisangani habari zake bila kujua hata jina, na munaweza kufikiri walivyonitazama.

Mapigano yalinirudisha Beni na barabara ikafungwa. Mvua zilikuja zikapita, na nyingine zikaja. Niliposikia pick-up zimeanza tena kwenda Mutwanga nilipanda ya kwanza, juu ya magunia ya chumvi. Papa Paluku alikuwa nyumbani kwake, amekaa mlangoni, na macho yake yalikuwa yameisha kabisa. Alinitambua kwa kikohozi.

"Umekawia," akasema. "Mitego inapasuka."

Mkewe alitupa mihogo ya njiani. Tukapanda taratibu mpaka pale penye mawe. Niliweka mitego, nikatoa, nikaweka tena, na kila mara wale wa kawaida tu, wakubwa, wenye hasira. Mchana ukaenda. Papa Paluku alikuwa amekunja suruali, ameketi ndani ya maji mpaka kiunoni, mikono yake inatembea chini ya mawe bila haraka.

"Masika."

"Papa."

"Kuya uangalie."

Kiganjani mwake kulikuwa na kaa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ganda lake bado laini.

"Magoti yake iko rangi gani?"

Nilichukua loupe kwanza, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika.

"Mekundu, Papa."

"Huyu iko mudogo sana. Hapana mumoja wa bale tulileta. Huyu alizaliwa hapa." Akamgusa mgongo kwa ncha ya kidole. "Muangalie vizuri. Ana nzi?"

Nilimwangalia mzima, mguu kwa mguu.

"Hana."

Akacheka mpaka maji yakatikisika. Kisha akateremsha mkono ndani ya mto, akaufungua wazi, akangoja, uso wake umeelekea mlima.

"Ameenda?" akaniuliza.

"Bado, Papa. Ameketi."

"Basi tumuache," akasema. "Ataenda yeye mwenyewe."